Baiskeli ya kawaida iliyofungwa mota inakata mlimani wakati betri bado inaonyesha ipo. Kosa liko wapi?

Gurudumu26 (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Nina baiskeli ya chuma, rimu inchi 26, imefungwa mota ya habu gurudumu la mbele. Mota ni ya wati 250, ile yenye gia ndani. Kontrola (kasha linalogawa umeme kwa mota) ni ya volti 36, juu ya kasha imeandikwa 15A. Betri imeundwa nyumbani kwa seli 30 za 18650 zilizotoka kwenye kompyuta mpakato, 10S3P (mafungu 10 kwa mfululizo, kila fungu seli 3 sambamba), kila seli ilipimwa na kutoa karibu mAh 2,600. BMS (ubao unaolinda betri) ni ya 15A. Kuna sensa ya pedali ya sumaku 12 na akseleta ya kidole gumba.
Tambarare haina shida. Ikianza kupanda, hasa miguu ikipumzika na mota ikaachiwa ibebe peke yake, inakata ghafla. Ikisubiriwa sekunde chache na kitufe kikibonyezwa, inaendelea kama hakuna kilichotokea. Skrini inaonyesha vipande 3 kati ya 4. Betri ikiwa imepumzika inasoma volti 38.1. Nianzie wapi?

Nyaya_Tatu #2
Swali moja kabla hatujaanza kubishana. Inapokata, skrini inazimika au inabaki ikiwaka?
Ikizimika, umeme umekatwa kabla ya kufika kwenye kontrola: BMS, plagi, fyuzi au waya wa swichi. Ikibaki inawaka na mota tu ndiyo imekufa, kontrola yenyewe imeamua kuacha: volti zimeshuka chini ya kikomo chake, swichi ya breki imejigusa, au sensa za holi (zinazoiambia kontrola mota imezunguka hadi wapi) zimepotea. Jibu hilo kwanza, mengine baadaye.

SpanaMkononi #3
Na hivyo vipande vya skrini sahau. Vinasoma volti tu, havihesabu umeme uliobaki. Ukisimama vinapanda, ukikanyaga mlima vinashuka. Viangalie wakati mota inavuta, ukisimama vinakudanganya.

Gurudumu26 #4
Inazimika kabisa. Inakuwa nyeusi.

Nyaya_Tatu #5
Basi ni BMS. Ile 15A iliyoandikwa kwenye kontrola ni kikomo chake cha wastani, lakini mguso wa kwanza wa akseleta unaweza kupita hapo kwa kitambo kidogo. BMS yako nayo ni ya 15A, yaani vitu viwili vimekaa ukingoni pamoja. Kanuni ya kawaida ni BMS iizidi kontrola kwa nusu hivi: kontrola ya 15A, BMS ya 20 hadi 25. Weka ya 30A ulale usingizi.

ChumaChakavu #6
Nyaya_Tatu umekimbilia duka mapema. BMS haikati kwa ampea peke yake. Inaangalia kila fungu moja moja, na fungu lolote likishuka chini ya kikomo, mara nyingi volti 2.8 hivi, inazima betri nzima hata kama mengine tisa yameshiba. Ukibadilisha ukaweka ya 30A, kikomo cha fungu kinabaki palepale na mlima utakuzimia vilevile. Utakuwa umenunua ubao mpya wa kukuambia jambo lilelile.
Seli za kompyuta mpakato hazikuumbwa kwa kazi hii. Ampea 15 kwa seli 3 sambamba ni ampea 5 kwa kila seli. Fungu zima lina ukinzani wa kama miliomu 25 likiwa na afya. Zidisha mara kumi, ongeza nyaya na plagi, unapata karibu robo tatu ya volti kwa kila ampea 3. Kwenye ampea 15 pakiti nzima inashuka volti 4 hivi: 38 inakuwa 34. Hapo bado salama, kontrola nyingi za volti 36 hukata kwenye 31. Ila fungu moja likiwa bovu, ndilo linalofika chini kabla ya wenzake.

AsidiDaima #7
Ndiyo maana wengine tunabaki na betri za asidi. Tatu za volti 12, Ah 12, hakuna BMS, hakuna kubembeleza seli.

SpanaMkononi #8
AsidiDaima karibu, tulikuwa tunakusubiri 😄 Tatu hizo ni kilo 12, na Ah 12 iliyoandikwa hapo ni ya kutoa polepole kwa saa 20. Zivute ampea 15 uone kama hutabaki na nusu na ushee. Mlimani utakuwa unabeba betri, siyo betri inakubeba wewe.

AsidiDaima #9
Lakini hazikati ghafla. Zinakuaga polepole, kistaarabu.

MamaSpoki #10
Nyie mmeingia kwenye betri moja kwa moja, mimi nimesimama kwenye maneno "gurudumu la mbele". Mleta uzi, uma ni wa chuma au aluminiamu? Una springi? Na ekseli umeizuiaje?

Gurudumu26 #11
Uma wa chuma, hauna springi. Nati zimekazwa kwa spana ndefu, na zile washa zenye jino zimewekwa pande zote mbili. Hazitoshi?

MamaSpoki #12
Chuma sawa, chuma hupinda kwanza kabla ya kukatika, kinatoa onyo. Aluminiamu haina adabu hiyo, na ile miguu ya kumiminwa ya uma wa springi ndiyo mibaya kuliko yote.
Washa za jino hazitoshi. Piga hesabu. Mota hizi zikivuta kwa nguvu zote hutoa nguvu ya kuzungusha ya kama Nm 40. Nguvu hiyo inayosukuma rimu mbele inasukuma ekseli nyuma, na kinachoishika ekseli ni zile bapa mbili tu (pande za ekseli zilizochongwa) zilizoachana mm 10. Arobaini gawa kwa 0.01 ni niutoni 4,000. Ni kama mzigo wa kilo 400 unaotaka kuupanua mdomo wa uma. Ukifunga mkono wa chuma unaokumbatia bapa za ekseli na kushikiliwa kwenye mguu wa uma sm 10 juu, klempu ya juu inabeba niutoni 400 tu. Mkono mmoja unatosha kwa wati 250, uwe na unene wa mm 4 au zaidi, na tundu lake libane ekseli bila kuchezacheza. Tundu likiwa limelegea mm moja, ekseli inapata nafasi ya kujigonga kila unapoanza, na kugonga ndiko kunakolegeza nati.
Halafu mdomo wenyewe. Uma nyingi za mbele zimechongwa kwa ekseli ya mm 9, bapa za mota ni mm 10. Uliingizaje?

Gurudumu26 #13
Kwa tupa. Upande wa kulia ndio ulikataa zaidi.

MamaSpoki #14
Angalia kama umekula upande mmoja zaidi. Tupa inapigwa kuta zote kwa zamu, mara tatu huku mara tatu kule, na ekseli inajaribiwa kila baada ya hapo. Mwisho wake iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, isidondokee yenyewe. Lazima ifike hadi kwenye duara la ndani kabisa. Na kama mdomo una kile kibonde cha kuzuia washa isitoke, washa ya kawaida italalia ukingo wa kibonde, nati utaikaza kwa nguvu zote lakini inabana hewa. Pale inahitajika washa iliyokatwa kama herufi C ikae ndani ya kibonde.

Mosfeti6 #15
Kwa hilo la MamaSpoki mimi naona chanzo cha tatizo lenyewe, siyo mada ya pembeni. Kebo ya mota inatokea ndani ya ekseli. Ekseli ikigeuka hata robo mzunguko, kebo inajisokota palepale mdomoni mwa ekseli. Ndani mna nyaya 3 nene za fezi (zinazopeleka nguvu kwa mota) na 5 nyembamba za holi. Ngozi ikichubuka, fezi mbili zinagusana pale tu mota inapovuta kwa nguvu, yaani mlimani. Ampea zinapaa, BMS inaona shoti, inakata. Ukiachia, ekseli inarudi kidogo, nyaya zinaachana, kila kitu kinaonekana kizima. Inafanana na dalili zako zote.

Nyaya_Tatu #16
Ingekuwa fezi zinagusana, kontrola ingekuwa imeshakufa. Mosfeti (swichi za umeme ndani ya kontrola) hazisamehe.

Mosfeti6 #17
Kontrola nzuri inawahi kujizima. Si kila mguso unaua. Ila nakubali kwamba ina bahati.
Mleta uzi pima hivi: zima kila kitu, chomoa plagi ya mota kutoka kwenye kontrola, inua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likiwa zito na kukatakata huku mota haijaunganishwa popote, kuna shoti kwenye kebo au ndani ya mota. Likiwa jepesi mota ikiwa imechomolewa, lakini zito likirudishwa kwenye kontrola iliyozimwa, mosfeti imeungua.

ChumaChakavu #18
Hapo umesahau jambo mkuu. Mota yake ina gia na friwili ndani. Akilizungusha gurudumu kwenda mbele, friwili inaachia na litakuwa jepesi hata mota ikiwa imekufa kabisa. Alizungushe kinyume. Kinyume ndipo gia zinashika na mota yenyewe inazunguka.

Mosfeti6 #19
Kweli kabisa, #17 isomeke "kinyume". Na kinyume hata mota nzima huwa na uzito kiasi kwa sababu ya gia, kwa hiyo kinachotafutwa ni ule ukatakataji, kama kugeuza kitu chenye meno.

TupaBapa #20
Wote mmeruka kitu cha bure. Plagi. Baada ya kukata mlimani, shuka, gusa kila plagi kati ya betri na kontrola kwa mgongo wa kidole. Ya moto ndiyo mwizi. Au weka ncha za mita pande mbili za plagi wakati mota inavuta: plagi nzima inapoteza milivolti chache tu. Ukiona nusu volti kwenye ampea 15, ni wati 7.5 za joto ndani ya kipande cha plastiki kidogo kuliko kiberiti. Risasi iliyolehemewa kwa chuma ambacho hakikupata moto wa kutosha hufanya hivyo hivyo: kwa nje inang'aa, ndani waya umelala tu haujashikana.

MpandaKilima #21
Wakuu, swali la pembeni. Kwani mlima unakula kiasi gani hasa?

ChumaChakavu #22
Mtu na baiskeli kilo 100, mteremko wa asilimia 5, mwendo wa km 15 kwa saa: kupanda peke yake kunataka wati 204. Ongeza msuguano wa tairi na upepo, kama 60. Mota ya ufanisi wa asilimia 75 itaomba betri wati 350, yaani ampea 10 hivi. Mteremko wa asilimia 8 bila kukanyaga unagonga 15 na mwendo unashuka, na mwendo ukishuka ufanisi nao unashuka, umeme mwingi unakuwa joto. Ukikanyaga wati 100 tu za miguu, hali nyingine kabisa.

MpandaKilima #23
Shukrani mkuu. Kwa hiyo mota ya wati 1,000 inamaliza mchezo?

SpanaMkononi #24
Inamaliza uma kwanza. Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme inahesabiwa baiskeli ikiwa ni wati 250 na msaada unaokoma kwenye km 25 kwa saa, Marekani sheria ya shirikisho inasema chini ya wati 750 na maili 20. Zaidi ya hapo karatasi zinaanza kuitambua kama pikipiki. Breki za baiskeli ndizo zinazotambua hivyo mapema zaidi.

ChumaChakavu #25
Turudi. Mleta uzi, pima mafungu, kubahatisha kwa maneno hakutaisha. Plagi nyembamba ya BMS ina nyaya 11 kwa 10S. Usiichomoe. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi, kati ya waya wa 1 na wa 2, halafu 2 na 3, mpaka mwisho. Funga ncha za mita kwa utepe ubakie mm 2 tu wazi, ncha mbili zikigusana pale utaona moshi wa waya wa kipimo.
Kupima betri iliyopumzika hakutoshi. Lazima ivutwe. Kuinua gurudumu na kubonyeza akseleta hakuvuti kitu, mota bila mzigo inakula ampea moja hivi. Tafuta balbu za taa kubwa za gari, volti 12 wati 55. Tatu kwa mfululizo ni volti 36 na ampea 4.5. Msururu mmoja 4.5, miwili 9, mitatu 13 na kitu.

Nyaya_Tatu #26
Nyongeza kwa #25: balbu ya baridi ina ukinzani mdogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya ule wa ikiwa inawaka. Ukiunga misururu mitatu kwa mpigo BMS itadhani ni shoti na itakata, halafu utarudi hapa kusema "nimethibitisha ni BMS". Unga msururu mmoja, subiri uwake, ongeza wa pili. Na zining'inize, usizilaze kwenye plastiki au mbao.

AsidiDaima #27
Wakati mnaunga balbu tisa mimi nimeshafika.

SpanaMkononi #28
Umefika wapi na kilo 12? Kituo cha kuchaji?

MpandaKilima #29
Na chaja je? Chaja yoyote ya volti 36 si inaenda?

TupaBapa #30
Hapana mkuu, hapo ndipo nyumba zinaungua. "Volti 36" ni jina la ukoo. Betri ya 10S ya seli hizi inajaa kwa volti 42.0, yaani 4.2 kwa kila fungu. Ya LiFePO4 (aina nyingine ya lithiamu) ya 12S inajaa kwa 43.8. Za asidi tatu zinakwenda mpaka 44.1. Chaja zote tatu zinaweza kuandikwa 36V kwenye boksi na kuwa na plagi ileile. Ukichomeka ya asidi kwenye 10S, kila fungu linasukumwa kuelekea 4.41, na kilichobaki kati yako na moto ni BMS peke yake. Kabla ya kuunganisha chaja yoyote, pima ncha zake ikiwa tupu.

Gurudumu26 #31
Samahani kwa kimya, kutafuta balbu kulichukua muda. Zilipatikana sita, kwa hiyo misururu miwili, ampea 9.
Zikiwa zimepumzika: mafungu yote 3.81 na 3.82, isipokuwa la 7 ni 3.76.
Misururu miwili ikiwaka: mengine 3.58 hadi 3.60. La 7 ni 3.21.
Pakiti nzima 35.5.
Gurudumu kinyume, plagi ya mota ikiwa nje: zito kidogo, halikatikati. Plagi hazikuwa na joto la kutisha, ile ya betri vuguvugu.

ChumaChakavu #32
Nilisema.
Mafungu mazima yameshuka volti 0.225 kwa ampea 9, ni miliomu 25 kama nilivyokadiria. La 7 limeshuka 0.55, ni miliomu 61. Peleka kwenye ampea 15: 3.76 toa 0.92 unabaki 2.84. Upo mlangoni mwa kikomo cha BMS, na ule mguso wa kwanza wa akseleta unakusukuma ndani. Kesi imefungwa.

Nyaya_Tatu #33
Haijafungwa. 2.84 haijafika 2.8. Na ni nani amesoma kikomo cha BMS yake? Zipo za 2.5. Ikiwa ni 2.5, fungu la 7 haliwezi kuwa limekata, tunarudi kwenye ampea.

Mosfeti6 #34
Na hiyo 2.84 ni betri ikiwa 38.1. Ikiteremka mpaka 37, la 7 litafika 2.7. Mleta uzi, je inakata mapema zaidi betri ikiwa imetumika, au hata ikiwa imetoka kuchajiwa?

Gurudumu26 #35
Ikiwa imejaa haikati kabisa. Inaanza baada ya kama km 8.
Jambo lingine, jana lilitokea tofauti: skrini ilibaki ikiwaka, mota ikatetemeka kama inasitasita kwenda, ikaacha. Kuzima na kuwasha ikarudi.

Mosfeti6 #36
Hilo la kutetemeka BMS haifanyi! Hizo ni holi au fezi. Rudini kwangu.

MamaSpoki #37
Au mota imepata joto. Mota ya gia ikipanda polepole chini ya km 10 kwa saa inageuza umeme mwingi kuwa joto, na sensa za holi zimegandishwa palepale kwenye koili. Sensa ikianza kupotea kwa joto, kontrola inapoteza hesabu ya fezi na gurudumu linatetemeka. Ikipoa inarudi. Weka kiganja kwenye kifuniko cha mota baada ya mlima: usipoweza kukiacha sekunde tano, ndani ni zaidi sana.

TupaBapa #38
Au plagi ya holi imeingia maji. Kebo inapotoka kwenye ekseli lazima ielekee chini kisha ipande, ili tone lianguke kabla ya kufika kwenye plagi. Ikielekea juu, mvua inafuata waya hadi ndani ya mota.

Mosfeti6 #39
Pima holi hivi. Plagi ikiwa imeunganishwa, betri imewashwa, ncha nyeusi ya mita kwenye waya mweusi wa holi. Mwekundu uwe karibu volti 5. Kisha njano, kijani, buluu, mmoja mmoja, ukigeuza gurudumu kinyume taratibu sana. Kila mmoja lazima uruke kati ya karibu sifuri na karibu 5. Unaobaki palepale ndio mgonjwa. Rudia huku ukiikunja kebo pale inapotoka kwenye ekseli.
Ukifika mahali pa kubadilisha mota au kontrola, usidhani rangi zinalingana. Holi zikiachwa zilivyo, kuna mipangilio 6 ya fezi na mmoja tu ndio sahihi. Mwingine utazunguka pia lakini kwa kelele na ampea 3 au zaidi bila mzigo, huo si sahihi hata kama unakwenda. Ule sahihi ukizungusha kinyume, badilishana nyaya mbili zozote za holi, anza tena kutafuta fezi.

Nyaya_Tatu #40
Kuhusu pakiti. Fungu la 7 lifunguliwe. Ukinzani wa mara 2.4 hauji kwa seli kuzeeka kidogo, nahisi utepe wa nikeli umeachia. Na ule utepe ni nikeli tupu au chuma kilichopakwa nikeli? Kwaruza kipande, kitumbukize kwenye maji ya chumvi usiku mmoja. Kikiota kutu si nikeli.

SpanaMkononi #41
Ukifungua, vua pete na saa, bisibisi iwe ya plastiki au mfupa, chuma kikae mbali. Usirudishe utepe kwa risasi moja kwa moja juu ya seli, joto linaingia kwenye muhuri wa juu. Uchomelewe kwa mashine ya nukta. Na kama seli ya kuingiza ni nyingine, iwe imekaribiana na wenzake kwa volti 0.05 kabla ya kuzigusanisha sambamba, la sivyo zinachajiana kwa kasi ambayo hakuna BMS inayoiona.
Kwa sasa, kama skrini inaruhusu kupunguza ampea, shusha hadi 10. Na asitokee mtu wa kumshauri aongeze risasi kwenye shanti (kipande cha kupimia ampea) ya kontrola ili "ipate nguvu". Hiyo inaongeza ampea, ni kinyume cha tunachotaka.

AsidiDaima #42
Nilikuwa naandika hilo, nimefuta.

Gurudumu26 #43
Nimefungua. Upande wa hasi wa fungu la 7, seli moja kati ya tatu utepe umeinuka, unanyanyuka kwa ncha ya plastiki. Seli nyingine mbili zimeshika. Maji ya chumvi: hakuna kutu. BMS haina maandishi ya kikomo popote. Mkono wa chuma umeagizwa, MamaSpoki. Holi bado.

Nyaya_Tatu #44
Utepe. Nilisema utepe.

ChumaChakavu #45
Ngoja kwanza. Seli moja ikitoka, zinabaki mbili kati ya tatu. Ukinzani unapanda mara moja na nusu, unafika miliomu 37. Alipima 61. Hizo nyingine 24 ziko wapi? Ama moja ya zile mbili "zilizoshika" imeshika kwa jina tu, ama zimechakaa kwa kubeba mzigo wa tatu muda wote huu. Mleta uzi, usichomelee kitu bado. Tenganisha seli zote tatu, ziache saa moja, pima kila moja peke yake ikiwasha balbu moja, utuletee namba tatu.

Mosfeti6 #46
Na holi. Ukikunja kebo.